Jinsi ya Kucheza Faro, Kamari ya Karata ya Karne ya 19

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunacheza Faro, mchezo wa karata wenye asili ya Ufaransa ambao katika karne ya 19 ulitawala meza za kamari za magharibi mwa Marekani kabla poka haijaupiku. Wyatt Earp, ambaye wengi humfahamu kama mlinzi wa sheria wa Tombstone, Arizona, aliwahi pia kuwa mgawaji wa Faro. Sisi tutaweka dau la maharage, na ninawasihi nanyi mfanye vivyo hivyo.

Andaeni jozi mbili za karata. Katika jozi ya kwanza toeni shupaza zote 13 na kuzipanga mezani zikiwa wazi: ree hadi sita safu moja, nane hadi mfalme safu ya pili inayoielekea, na saba peke yake kwenye ncha, katikati ya safu hizo. Huo ndio ubao wa kuwekea dau. Katika Faro, kopa, uru au shupaza ni mamoja. Kinachotazamwa ni namba au sura ya karata tu.

Mmoja wenu awe mwenye benki. Achange jozi ya pili, mwenzake aikate, kisha afunue karata ya kwanza na kuiweka kando, kwa kuwa hiyo haina faida wala hasara kwa yeyote. Sasa kila mchezaji aweke maharage yake juu ya karata anayoitaka ubaoni.

Katika kila zamu, mwenye benki hufunua karata mbili. Ya kwanza ni ya benki, na ya pili ni ya wachezaji. Tuseme imetoka nane, kisha malkia: maharage yote yaliyo juu ya nane huchukuliwa na benki, na aliyeweka kwa malkia hulipwa kiasi kilekile alichoweka. Dau la karata ambazo hazijatoka hubaki palepale, na mwenyewe yuko huru kulihamisha au kuliondoa kabla ya zamu inayofuata. Anayeamini kwamba karata fulani itatoka upande wa benki huweka sarafu ya shaba juu ya dau lake, na hapo hesabu hugeuka: karata hiyo ikitoka ya kwanza, yeye ndiye anayelipwa.

Hadi hapo mtaona kwamba benki haina upendeleo wowote. Upendeleo wake unajificha katika pacha, yaani pale karata zote mbili za zamu moja zinapofanana, kwa mfano tano na tano, ambapo benki huchukua nusu ya dau lililo juu ya tano. Kwa sababu hiyo, chukueni karatasi, mwandike namba zote 13, na kutia alama kila karata inapotoka, pamoja na ile iliyowekwa kando. Zikishatoka tano tatu, iliyobaki haiwezi tena kupata pacha, na anayeiwekea dau wakati huo anacheza na benki sawa kwa sawa. Mchezaji mvumilivu husubiri nafasi kama hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo maana wenye benki wengi wa zamani waliona wizi wa karata unalipa kuliko uaminifu.

Baada ya zamu 24 hubaki karata 3, na karatasi yenu itawaonyesha ni zipi. Hapa mchezaji anaweza kutabiri mfuatano wake wote. Zikiwa tofauti, kuna mifuatano 6, lakini benki hulipa mara 4 tu ya dau, ilhali malipo ya haki yangekuwa mara 5. Mimi huwa siliwekei dau hilo. Fungueni karata mbili kama kawaida. Ya mwisho haina mshindi, hivyo dau lililobaki juu yake hurudishwa kwa mwenyewe, na karata huchangwa upya.