Marejeleo kwa Mtindo wa Vancouver: Makosa Yanakoingilia

Habari za asubuhi. Mitindo ya marejeleo ni mingi, ila leo tutakaa na Vancouver, kwa kuwa ndio unaotakiwa na majarida mengi ya tiba. Jina limetokana na mji wa Kanada ambako wahariri wachache wa majarida hayo walikutana mwaka 1978 kukubaliana miswada iandaliwe vipi. Kundi lile ndilo leo linaloitwa ICMJE, yaani Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba.

Kanuni ya msingi ni fupi. Chanzo hupewa namba kinapotajwa mara ya kwanza, na hubaki na namba hiyohiyo hata ukikitaja mara kumi. Orodha ya mwisho hufuata namba, si alfabeti. Watu husahau majedwali: chanzo kilichomo ndani ya jedwali peke yake huhesabiwa kulingana na pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza katika matini, hata kama lenyewe limewekwa ukurasa wa mwisho.

Tazameni ubaoni, makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA. Baada ya waandishi na kichwa panafuata:

Nature. 1953;171(4356):737-8.

Jarida, mwaka, nuktamkato, juzuu, toleo ndani ya mabano, nuktapacha, kurasa. Baada ya mwaka hakuna nafasi. Makala inaishia ukurasa wa 738, lakini tarakimu zinazojirudia huachwa. Mwandishi ni Watson JD, bila koma wala nukta. Waandishi wakizidi sita, taja sita wa kwanza kisha et al., yaani "na wengine". Jarida lenye jina la neno moja halifupishwi. East African Medical Journal huwa East Afr Med J. Kifupisho hakibuniwi, hutafutwa katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani.

Nukta na koma, kusema kweli, programu ya kutunza marejeleo kama Zotero itakupangia. Isichoweza ni kujua kwamba taarifa ulizoipa ni mbovu, na ubovu mwingi uko kwenye majina. Ukiliingiza shirika la World Health Organization katika visanduku viwili vya jina la mtu, orodha itatoka na "Organization WH". Badili kiwe kisanduku kimoja. Majina yetu nayo yana mtego wake. Juma Ali Hassan husajiliwa Hassan JA, ingawa kwake Hassan huenda ni jina la babu tu. Rwanda na Burundi wengi hutanguliza jina linaloshika nafasi ya la ukoo, nayo programu hulidhani ni la kwanza. Fungua makala yenyewe, uone mwandishi alivyosajiliwa, ufuate hivyo; ukimgeuza, anayemtafuta hatampata.

Kisha DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni. Ya makala ile ni 10.1038/171737a0: kabla ya mkwaju ni namba ya msajili, baada yake ni ya makala. Iandike ikitanguliwa na https://doi.org/ na ubofye kila moja kabla ya kutuma mswada. Ikigoma, angalia kwanza mwishoni: mara nyingi nukta ya kufunga sentensi imenakiliwa pamoja nayo. Sababu nyingine ni kistari kilichoingia pale mstari ulipokatika kwenye PDF. Na kiungo kikifunguka, soma kilichofunguka, maana DOI nzima inaweza kukupeleka kwenye makala nyingine kabisa. Hapohapo utaona kama makala imeondolewa na jarida. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Usiokote rejeleo kwenye orodha ya mwenzako bila kufungua chanzo. Akikosea juzuu, umekosea naye, na mhakiki makini atajua hukusoma.

Jarida likidai faili lisilo na viungo vya programu, yaani alama fiche zinazounganisha namba za matini na programu ya marejeleo, hifadhi nakala mbili kwanza, kisha ondoa viungo kwenye moja tu. Wahakiki wakikurudishia mswada na kutaka aya moja ifutwe, namba zote zilizo baada yake huenda zikasogea, na ni nakala yenye viungo pekee itakayojipanga upya.