Hata Lini? Namna ya Kuomba Zaburi ya 13 na Aliye Kwenye Dhiki

(Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya nyumbani, Kisumu)

Bwana asifiwe, wapendwa. Akina mama, wazee, vijana, asanteni kwa kufika.

Sisi wa huku ziwani tunajua kulia. Msiba ukitokea, mtu huanza kuomboleza kwa sauti akiwa bado langoni mwa boma. Ajabu ni kwamba tukishafungua Biblia mbele ya mfiwa yuleyule, tunamnyamazisha: "Jipe moyo, usilie, Mungu anajua." Biblia haimnyamazishi. Katika zaburi 150, karibu theluthi moja ni malalamiko.

Tazameni Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na wa 2 ni kilio, na "hata lini" inarudi mara nne. Kwanza analia juu ya Mungu: "Hata lini utanisahau?" Kisha juu ya moyo wake unaohuzunika mchana kutwa. Kisha juu ya adui. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Halafu mstari wa 5: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hapo katikati hatuambiwi kwamba adui ameondoka. Kilichobadilika ni kwamba mtu huyu ameshasema yote mbele za Mungu, na hakufukuzwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mnamtembelea mama ambaye maji yameingia nyumbani kwake, iwe Nyando, Budalang'i, au huku ufuoni kama mwaka 2020 ziwa lilipopanda. Nendeni wawili au watatu. Mkiwa kumi, atahangaika kutafuta vikombe vya chai. Bebeni unga, sukari, mafuta ya kupikia, na mtangulize hivyo kabla ya maneno. Elia alipochoka akaomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala, ndipo akaenda siku 40 hadi Horebu. Mungu alizungumza naye baada ya chakula na usingizi.

Mkishaketi, someni mstari wa 1 na wa 2 polepole, mara mbili. Nyamazeni. Kimya hicho kitawaumiza ninyi kuliko yeye, vumilieni. Kisha mwambieni: "Mama, hata lini yako ni ipi?" Aseme kwa lugha ya nyumbani, Dholuo, Luluhya, yoyote. Akisema "Hata lini mtoto wangu atarudishwa nyumbani kwa karo?", msirekebishe neno. Msiligeuze kuwa la kiroho zaidi. Ndipo someni mstari wa 3 na wa 4, na aombe jambo moja linaloweza kutajwa: karo ya muhula huu, au usingizi wa leo usiku. Wale wenye mkopo wa simu waombe juu ya mkopo huo kwa kiasi chake.

Mstari wa 5 ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunamlazimisha auseme. Akishindwa, usemeni ninyi kwa niaba yake, taratibu, naye asikilize. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la furaha, na bado imo katika Biblia. Basi si lazima kila ziara iishie kwa pambio.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wema. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Kwa hiyo msimuulize alikosea wapi. Msimwambie atoe sadaka ya mbegu ili shida iishe. Mtu aliyepoteza kila kitu akiambiwa hivyo hubeba hatia juu ya hasara.

Na akisema anataka kufa, msimwachie maombi peke yake. Mmoja wenu abaki naye, mwingine atafute jamaa na kumpeleka hospitali usiku huohuo. Imani haipungui kwa kumwona daktari.

Jambo la mwisho ni kalenda. Katika matanga watu hujaa, sufuria hazipoi. Wiki ya tatu boma ni tupu, na huo ndio wakati mzito. Andikeni tarehe kwenye daftari la kikundi: wiki ya tatu, miezi mitatu, na siku unapotimia mwaka tangu msiba. Mkirudi, someni zaburi ileile, msitafute nyingine. Mara nyingine yeye mwenyewe ndiye atakayeusoma mstari wa 5.

Sasa kaeni watatu watatu. Mmoja awe mwenye shida, na awe na shida ya kweli, si ya kuigiza. Anzeni mstari wa 1.