Mpelelezi Akimpenda Mshukiwa

BARAKA: Karibuni tena. Leo ni zamu ya Naked in Death, riwaya ya mwaka 1995 ya Nora Roberts, aliyeiandika kwa jina la J.D. Robb. Maoni yenu yamefika. Dada Zuhura, hali ikoje?

ZUHURA: Vita, kaka! Kwa ambao hawajaisoma: tuko New York, mwaka 2058. Bunduki zimepigwa marufuku, lakini mjukuu wa seneta anauawa kwa bastola ya kizamani. Luteni Eve Dallas anakabidhiwa upelelezi. Na nani hukusanya silaha za kale? Roarke, bilionea mtanashati. Yumo kwenye orodha ya washukiwa.

BARAKA: Na Eve anampenda huku kesi haijafungwa!

ZUHURA: Hapo ndipo wengi walipokasirika. Msikilizaji mmoja anasema nusura akiweke kitabu chini. Askari gani huyo, analala na mtu anayemchunguza?

BARAKA: Simlaumu. Mahakamani wakili angemchana vipande vipande.

ZUHURA: Ila mwandishi hajaficha hilo. Eve anajua fika kwamba anahatarisha kazi, na hana kingine maishani zaidi ya hiyo kazi. Mimi roho ilinidunda hapo kuliko kwenye maiti.

BARAKA: Langu ni jingine. Riwaya ya mapenzi ikishamleta mwanamume wa namna hii, msomaji anajua si yeye muuaji. Sasa tunamshuku wa nini? Kurasa kibao namngoja Eve ang'amue jambo ambalo mimi nililijua alipotajwa tu.

ZUHURA: Wewe unajua, Eve hajui. Anamkumbatia mtu ambaye kesho huenda akamtia pingu.

BARAKA: Mm. Hapo umenibana. Kidogo tu! Maana kuna aliyeandika kwamba Roarke amezidi: ana fedha, sura, maneno matamu, na kahawa juu.

ZUHURA: Kahawa usiiguse! Katika dunia ile kahawa halisi ni anasa, Eve amezoea ya bandia. Roarke anampa ile yenyewe. Maua yangemfaa nini mwanamke yule?

BARAKA: Sawa, kahawa nimeiacha. Lakini ukamilifu wake unanichosha. Eve ana makovu ya utotoni, ana hasira, hajui kupokea hata zawadi. Mtu kamili huyo. Mwenzake picha ya ukutani.

ZUHURA: Ana siri zake, na pesa zake za mwanzo si safi. Mwandishi anazitoa kwa kijiko, nakubali.

BARAKA: Kuna mwingine anauliza kama vitabu vinavyofuata vinamfungua zaidi Roarke.

ZUHURA: Vinamfungua, na mfululizo umeshapita vitabu 50.

BARAKA: Hamsini? Basi mwambie aombe likizo kabisa.