Harris Wofford na Mapenzi ya Uzeeni

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni.

Leo namzungumzia Harris Wofford. Jina lake huenda ni geni kwenu, lakini kazi yake ilifika hadi kwetu: alisaidia kuanzisha Peace Corps, shirika la Marekani linalotuma watu wa kujitolea nchi za nje, mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuwapokea vijana wale. Baadaye akawa seneta wa Pennsylvania.

Aliishi na mkewe Clare miaka 48, wakajaliwa watoto 3. Januari 1996 saratani ya damu ikamchukua Clare. Mwaka 2001, ufukweni Fort Lauderdale, Florida, mzee huyu wa miaka 75 akakutana na Matthew Charlton, kijana wa miaka 25. Wakapendana.

Sasa watoto wataambiwaje? Hapa naomba tutue kidogo. Mtu aliyezoea kuhutubia Seneti alihitaji miaka 3 kupata ujasiri, na hata hapo hakuitisha kikao. Alikwenda kwenye harusi ya familia na albamu ya picha zake na Matthew wakiwa safarini, akawaachia watazame. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba jambo zito kama lile lilistahili kuzungumzwa waziwazi. Mimi simlaumu hata chembe. Mzazi kumwambia mwanawe habari za moyo wake ni kazi ngumu. Na kama aliyempenda ni mwanamume mwenzake, ulimi unakuwa mzito zaidi.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Swali lako nalijua, mzee: je, Clare alidanganywa miaka yote ile? Hapana. Aprili 2016, akiwa ametimiza miaka 90, Wofford alitangaza katika gazeti la New York Times kwamba atamwoa Matthew, na katika makala hiyo hiyo akaeleza jinsi alivyompenda Clare. Akakataa pia kubandikwa jina, la mpenda wanawake au la mpenda wanaume. Wanaosema wazi uzeeni kwamba wanampenda mtu wa jinsia yao tunawadai waikane ndoa ya kwanza ndipo tuisadiki ya pili. Huo ni uonevu, nao unawaumiza hata watoto waliozaliwa katika ndoa ile.

Walioana mwisho wa mwezi huo, mwaka haujatimia tangu Mahakama Kuu ya Marekani iruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima. Watoto wa Wofford walikuwa wameshamkubali Matthew kama mtu wa nyumbani, na wazazi wa Matthew walimpokea mzee kwa moyo mkunjufu.