Dagaa Wanakula Nini? Shona Wavu wa Planktoni na Mtoto Wako

Assalam alaykum watazamaji wangu. Hapa nipo Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Kile kisiwa mnachokiona nyuma yangu ni Tumbatu. Juzi mwanangu wa miaka saba aliniuliza huku anakula: "Mama, na hawa dagaa wao wanakula nini?" Nikamjibu vidudu. "Vidudu gani?" Basi leo tunawatafuta vidudu hao, yaani planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, na wewe mwenye mtoto nyumbani au darasa skuli fuatana nami.

Tafuta soksi ndefu nyepesi za kike, zile zinazofika kiunoni, waya mgumu, kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana, uzi, sindano na kamba ya mita tatu hivi. Kunja waya uwe duara kama sahani ya wali. Kata mguu mmoja wa soksi, mdomo wake ushonee kwenye duara kuzunguka pande zote. Hapa usiwe na haraka, maana ukiacha tundu, tunaowatafuta watatokea hapo hapo. Kule kwenye vidole kata kidogo, ingiza kichupa, mdomo wake uelekee ndani ya soksi, kisha zungusha uzi mpaka kikaze. Mbele funga nyuzi tatu kwenye duara, zikutanishe, zishike kamba. Wavu umekwisha.

Sasa tunaingia majini. Mimi huja kama saa 12 jioni, maji yakiwa yanajaa. Mchana wengi wa viumbe hawa hukaa chini. Kiza kikiingia hupanda juu kutafuta chakula, na alfajiri hushuka tena. Ndivyo wanavyofanya kila siku katika bahari zote za dunia. Mtoto avae viatu, mshike mkono, na maji yasivuke magoti yake. Vuta wavu taratibu, mwendo wa kutembea, kwa dakika 10. Usiuache uguse chini, kwani mchanga ukishaingia hutaona kitu.

Haya, namimina kwenye bakuli jeupe. Ndani nimeshatia maji ya bahari. Ya bomba usitumie kabisa, yatawaua. Sogeeni. Mwanzo mtasema haya ni maji yenye vumbi. Subirini kidogo... hapo! Mmeiona ile nukta? Imetulia. Imeruka. Imetulia tena. Vumbi haliruki. Huyo ni kopepodi, jamaa yake kamba, urefu wake kama milimita moja.

Kumwona vizuri, nimemwomba fundi anitolee lenzi ndogo kwenye deki mbovu. Nimeibana kwa chupio, nikaigandisha kwa gundi ya karatasi juu ya kamera ya simu. Tone moja naliweka kwenye kifuniko cha plastiki kinachopitisha mwanga, tochi inamulika kutoka chini. Tazameni: pembe mbili ndefu, mwili kama punje ya mpunga, na jicho moja tu katikati ya kichwa. Na huyu mwenye macho mawili makubwa na mwiba mgongoni ni mtoto wa kaa. Ndiyo, kaa! Kaa, kamba, chaza, hata pweza tunaowajua hapa kwetu, huanza maisha wakielea hivi kabla ya kushuka chini.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Watie kwenye gilasi, zima taa ya chumba, weka tochi upande mmoja, usiitikise. Baada ya dakika tano angalia nukta zimejazana wapi. Muulize mtoto: umeona wapi taa juu ya maji usiku? Atakwambia mwenyewe, boti za dagaa! Vidudu wanafuata mwanga, dagaa nao wanakuja, wavuvi wanazungusha wavu. Na usiku wa mbalamwezi boti hupumzika, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi.

Kopepodi naye anakula. Chakula chake ni planktoni mimea, wadogo zaidi, na hao mpaka hadubini ya skuli. Wamo diatomu, ambao kila mmoja amejifungia ndani ya kijumba cha silika, malighafi ya kioo. Wanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mwembe ulio uani kwako. Jina planktoni lilitolewa mwaka 1887 na Mjerumani Victor Hensen kutoka Kigiriki, maana yake wenye kuchukuliwa huku na huku. Karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani inatoka kwa hawa planktoni mimea. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba miti ndiyo inayotupa hewa, na hiyo ni nusu ya habari.

Ndiyo maana huumia sana nikiona oili chafu ya mashine imemwagwa dikoni. Aliyemwaga haoni anachokiua, ila mwanangu sasa anaona.

Usiwaweke zaidi ya saa moja, wanakufa kwa joto. Rudini pwani pamoja, mtoto achovye mdomo wa bakuli majini, alilaze polepole mpaka watoke wenyewe. Wavu uoshe kwa maji matamu bila sabuni, uanike kivulini, kesho jioni mnashuka tena.