Upana wa Kichochoro

Waheshimiwa madiwani, ndugu wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, wataalamu wa ardhi na mipango miji, na ninyi wanafunzi wangu wa zamani mliojificha nyuma kama mlivyokuwa mkijificha darasani: shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya halmashauri kwa ajili ya treni mpya ya abiria wa mjini. Kijana aliyenialika alinitahadharisha kabisa kwenye simu: "Mzee, safari hii tafadhali usianze na habari ya ubao." Nikamwambia sawa. Kwa hiyo sianzi na ubao. Naanza na milimita.

Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu. Ile ya Kati ya zamani, Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni 1,067. SGR, reli mpya ya umeme, ni 1,435. Kila kikao cha treni ninachoalikwa, watu wanagombania namba hizo tatu: ipi itumike, ipi imepitwa na wakati, mabehewa yatoke wapi, umeme au dizeli. Mjadala mtamu sana, na humu ukumbini hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kuamua chochote juu yake. Mimi nina namba ya nne. Ni 900. Milimita mia tisa, nimezipima mwenyewe kwa tepu ya fundi, ndizo upana wa kichochoro cha kwendea stesheni kutoka mtaani kwetu. Watu wawili wakikutana humo, mmoja anageuza ubavu. Mama mwenye beseni kichwani akikutana na pikipiki, pikipiki inarudi kinyumenyume, maana mama harudi. Namba hiyo ndiyo ya kwenu, waheshimiwa. Hakuna waziri atakayetoka Dodoma kuja kuipanua.

Haya. Ubao. Samahani sana ndugu mwalikaji, siwezi kuukwepa.

Nina jirani yangu ni muuguzi. Zamu yake inaanza saa moja asubuhi mjini, anapanda treni. Siku moja nikamwomba nimsindikize kutoka mlangoni kwake hadi penye behewa, nione safari yake inakuwaje. Tukaondoka saa kumi na moja na robo alfajiri. Yeye kandambili miguuni, viatu vya kazini kwenye mfuko. Stesheni yenyewe sitaitaja. Kwenye ramani ya simu, kutoka mlangoni kwake hadi stesheni ukipiga mstari ni mita 350. Unaisikia honi ukiwa bado unaswaki.

Tulitembea mita 1,100.

Kwa nini? Kwanza, njia iliyokuwa ikikatiza moja kwa moja imezibwa ukuta. Aliyejenga ukuta hajavunja sheria yoyote, msimlaumu. Kiwanja chake kimepimwa, hati anayo, amejenga ndani ya bikoni zake, zile alama za mpaka. Ila siku ule mchoro ulipopitishwa, hapakuwa na mtu pale mezani aliyejua kwamba kila alfajiri mtaa mzima unapita hapo kuwahi treni. Mchoro haukuonyesha nyayo. Kwa hiyo tukazunguka.

Pili, mtaro. Mtaro mpana, umeliwa na mvua pande zote mbili, mtu mzima haruki. Na pale ndipo nilipomkuta kijana mwenye ubao. Ameutandika juu ya mtaro, amesimama pembeni na tochi. Kuvuka, shilingi 100. Mvua ikinyesha, 200, kwa sababu ubao unateleza na yeye inabidi aingie majini kuushika. Wanafunzi bure. Wajawazito bure, tena anawashika mkono. Anautandika saa kumi na moja kasoro, anauondoa treni ya asubuhi ikishapita, jioni anarudi nao. Nilimuuliza kwa nini asiuache tu siku nzima. Akanitazama kama mtu anayeongea na mtoto: "Mzee, nikiuacha nitaukuta?"

Sasa nyie mnacheka, lakini niangalieni jambo hili kwa makini. Yule kijana ana ratiba inayokwenda na treni. Ana nauli, ana nauli ya hali mbaya ya hewa, ana msamaha kwa wanafunzi, ana huduma kwa wenye mahitaji maalumu. Katika mita zote 1,100 ndiye mpangaji wa usafiri pekee tuliyekutana naye, na ameishia darasa la saba. Jirani yangu anamlipa mara mbili kwa siku. Siku ishirini na sita za mwezi, hiyo ni shilingi 5,200 kabla hajakata tiketi ya treni.

Fundi wa pale mtaani alinipigia hesabu ya slabu ya zege ya kuvukia: mifuko sita ya saruji, nondo, kokoto, siku mbili za kazi na siku kadhaa za kumwagilia maji. Nikaingia ofisi ya kwanza. Wakaniambia mtaro si wao, wao ni barabara, na pale hakuna barabara. Ofisi ya pili wakasema mtaro uko karibu na hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengewa reli, kawaulize wa reli. Ofisi ya tatu wakasema mtaro uko nje ya hifadhi ya reli kwa hatua nne. Walipima, nawashukuru, walikuja na tepu ndefu kuliko yangu. Mtaro ule hauna mwenyewe. Ubao ndio wenye mwenyewe.

Tatu ni giza. Kinamama hawapiti peke yao. Wanasubiriana chini ya taa ya duka moja, wakifika watano sita ndipo wanaondoka, na wa kwanza kufika anapoteza dakika kumi akisubiri ulinzi wa wenzake. Dakika hizo hazimo kwenye ratiba ya treni. Ziongezeni.

Najua kuna mheshimiwa anayesema moyoni, mzee huyu tumemwita azungumzie mradi mkubwa, yeye anatuletea mambo ya mtaro. Sawa, tupige hesabu ya darasani.

Mtu wa kawaida yuko tayari kutembea mita 800 kwenda treni, tuseme dakika kumi. Chora duara la mita 800 kuzunguka stesheni: unapata kilomita 2 za mraba za watu. Sasa vichochoro vikimlazimisha mtu kutembea mara mbili ya mstari ulionyooka, zile mita 800 za miguu zinamfikia tu aliyeko mita 400. Chora duara la mita 400. Umebakiwa na nusu kilomita ya mraba. Wanafunzi wangu nyuma huko, nini kimetokea? Njia imerefuka mara mbili, hujapoteza nusu ya abiria, umepoteza robo tatu! Robo tatu ya watu walioko jirani ya stesheni wamefutwa na kuta na mitaro, na treni bado haijapiga honi. Halafu mwaka wa pili tunakaa kwenye semina kujadili kwa nini mabehewa hayajai. Tunaagiza mtaalamu kutoka nje, anakuja na kompyuta, anatuambia wananchi wana "mazoea ya daladala".

Mazoea gani? Daladala inamfuata mtu karibu na mlango wake.

Mwingine ataniambia bodaboda zipo, zitawaleta. Ni kweli, na nawapenda bodaboda, wameniwahisha sehemu nyingi. Ila mtu akilipa buku kufika stesheni na buku kurudi, basi treni ya bei nafuu haipo tena. Anayepanda treni ya mjini ni yule anayehesabu jero. Huyo bodaboda si jibu lake.

La tatu ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu huwa linasemwa na watu waliosoma. "Reli ni ya TRC, barabara za mitaa ni za TARURA tangu 2017, vibali vya njia za daladala viko LATRA. Halmashauri itafanya nini?" Ndugu zangu, hayo yote ni kweli. Hata hivyo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema mamlaka ya upangaji ni nani? Ni ninyi halmashauri. Mchoro wa eneo unapita kwenu. Kibali cha ujenzi kinatoka kwenu. Masoko ni yenu. Na urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutoa hati pale watu walipojenga bila mpango, hili nataka lieleweke vizuri, unafanyika mtaani, mwenyekiti akiwa amekaa na wananchi wake kukubaliana njia ipite wapi na nani amege futi ngapi za kiwanja chake. Hapo ndipo kichochoro cha milimita 900 kinageuka njia ya mita tatu, au kinageuka ukuta wenye hati. Bikoni ikishazikwa na hati ikishatoka, kuipata njia hiyo tena ni fidia, mahakama, na miaka. Kikao kile cha urasimishaji kina nguvu juu ya treni kuliko mtambo wowote wa kuongozea reli, na akidi yake ni wazee kumi chini ya mwembe.

Na hili si geni kwetu. Oktoba 2012 treni ya mjini ilipoanza, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, moja ikitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, nyingine kwenye reli ya TAZARA. Wakati ule Ubungo ilikuwa bado ndani ya Kinondoni, kwa hiyo treni ilianzia Ilala ikaishia Kinondoni. 2016 ikaja ya Pugu. Watu wakagombania milango, madirisha yakageuka milango. Mahitaji yalikuwepo tena tele! Ila niambieni, manispaa gani siku hizo ilikaa na mwenzake kupanga njia za miguu za kuelekea vituo? Mwenye muhtasari wa kikao hicho aniletee, nitamnunulia chai na chapati mbili.

Majirani zetu Kenya, mwezi uliofuata, Novemba 2012, Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau. Katiba yao ya 2010 imegawa wazi: reli kwa serikali ya kitaifa, usafiri wa ndani ya kaunti kwa kaunti. Sasa Syokimau iko Machakos, treni inaishia Nairobi. Mtaro wa katikati ni wa nani? Wao walau mwaka 2017 waliunda mamlaka moja ya usafiri, NaMATA, ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Sisemi imemaliza matatizo. Nasema walikubali kwamba abiria hajui mpaka wa kaunti. Sisi mjini hapa tuna watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, tuna halmashauri tano, na abiria wetu asubuhi moja anaweza kuamka katika halmashauri ya kwanza, kuvuka mtaro wa ya pili na kufanya kazi katika ya tatu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo manne zaidi, nitayapita mbio.

Uzio. Reli ya kisasa ya umeme lazima izungushiwe uzio, hilo halina mjadala, treni ya SGR si ya kukatiza mbele yake na mkokoteni. Ila kila uzio unakata mtaa vipande viwili, shule huku, zahanati kule. Vivuko viwekwe wapi? Mhandisi ataviweka panapomfaa mhandisi, asipoletewa ramani ya nyayo. Pelekeni ramani kabla ya mkataba. Baada ya mkataba inaitwa kazi ya ziada, na kazi ya ziada ina bei ya ziada.

Ardhi. Stesheni ikitangazwa, viwanja vinapanda bei wiki hiyo hiyo, madalali wanajua kabla yenu. Kodi ya majengo tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kiwango ni kile kile ukae jirani na stesheni au ukae mbali nayo. Kwa hiyo bei ya kiwanja ikipanda, kodi haipandi nayo... hapana, hili linahitaji siku yake.

Wamachinga na mama lishe: msiwafukuze stesheni, wapangieni. Wao ndio macho ya njia ile usiku. Taa ya duka niliyoisema, mnadhani ni ya nani?

Na ninaomba jambo moja la vitendo. Pale mezani mlangoni nimeweka tepu kumi na mbili, za mita tano, nimezinunua kwa pesa yangu Kariakoo. Diwani mwenye kata inayopitiwa na reli achukue moja. Alfajiri moja tu, kabla ya kikao chenu kijacho cha mipango miji, amsindikize mpiga kura wake kutoka mlangoni hadi stesheni, aandike: mita ngapi kwa mstari, mita ngapi kwa miguu, kichochoro chembamba kuliko vyote kina upana gani, na amelipa shilingi ngapi njiani. Karatasi moja. Msiniletee ripoti ya kurasa themanini yenye picha ya treni ya Japani kwenye jalada.

La nne lilikuwa vyoo. Mwenyekiti amesimama, kwa hiyo la vyoo nitalisema nje, kwenye chai.