Joto Linakwenda Wapi? Mhadhara kwa Waandishi wa Hadithi za Anga za Juu

Asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie mbinu za vita katika anga za juu, na naambiwa wengi mliopo hapa mnaandika hadithi, mnachora katuni au mnatengeneza michezo ya kompyuta. Nitaanza na swali ambalo wanafunzi wangu wamechoka kulisikia, na sitaacha kuliuliza: joto linakwenda wapi?

Mnaniletea hadithi zenu nisome. Chombo cha adui kimejificha nyuma ya asteroidi, kimezima taa, kimya, kinavizia. Ghafla kinachomoka, kinakata kona kali, kinafyatua leza mara hamsini, kinageuza na kutokomea gizani. Inasomeka vizuri, sikatai. Lakini humo ndani mna watu wanane wenye miili ya nyuzi 37, mna kompyuta, mna mtambo wa nyuklia, mna hiyo leza. Vyote vinatoa joto tangu ukurasa wa kwanza, na nafika ukurasa wa mwisho hakuna aliyeniambia limekwenda wapi.

Jibu lenu nalijua. "Mwalimu, huko ni baridi ya kufa mtu, joto litapotea lenyewe." Hapana! Hili ndilo kosa linaloniumiza, kwa sababu ushahidi wa kulikanusha uko jikoni kwenu. Chukueni chupa ya chai. Mama anamimina chai saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana bado ya moto. Kwa nini? Fungueni kitako chake, mtoe kile kioo cha ndani. Kina kuta mbili, zimepakwa rangi ya fedha, na kule chini kuna kichonge kidogo cha kioo. Hapo ndipo walipofyonza hewa kisha wakaziba. Katikati ya zile kuta mbili hakuna kitu, ni ombwe. Joto halina cha kulibeba, kwa hiyo linabaki kwenye chai. Kivunjeni kile kichonge, hewa iingie, muone kama chai itafika hata saa nne.

Sasa chombo cha anga kimezungukwa na ombwe hilo hilo, pande zote, kilomita kwa mamilioni. Wale watu wanane ndio chai.

Katika ombwe joto limebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni mionzi. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi. Ninyi mliokaa hapa mnatoa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, sasa hivi. Ila mlango wenyewe ni mwembamba. Bamba lenye nyuzi 20 linatoa takriban wati 420 tu kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Tazameni picha za Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Yale mabamba makubwa ya kukusanya umeme wa jua kila mtu anayajua. Lakini kuna mengine, meupe, yamekunjwa vipande vipande, ambayo watu huyapita bila kuuliza. Hizo ni rejeta. Ndani yake inapita amonia, inachukua joto la kituo na kulitoa nje, hadi kilowati 70. Hiyo ni kama nguvu ya injini ya gari dogo, na ni kituo cha utafiti, hakipigani na mtu yeyote.

Haya, tukifungie leza ya kivita. Tuseme inatoa mwanga wa megawati 1, na tuwe wakarimu, tuseme theluthi nzima ya umeme inaoula inageuka kuwa mwanga. Theluthi mbili zilizosalia, yaani megawati 2, zinabaki ndani ya chombo kama joto. Ukitumia rejeta ya nyuzi 20, inayotoa mionzi kwa pande zote mbili, unahitaji karibu mita za mraba 2,400. Theluthi ya uwanja wa mpira! Imetandazwa nje, nyembamba, imejaa mabomba, mbele ya mtu anayetaka kukuua.

Mmoja wenu ataniambia, basi ipandishe joto hiyo rejeta. Sawasawa, na hapo fizikia inakusaidia kweli: ukipandisha kutoka kelvini 293, yaani zile nyuzi 20 zikihesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, hadi 586, ambayo ni mara mbili, mionzi inaongezeka mara 16. Mita zako 2,400 zinashuka hadi 150. Lakini pampu ya kulisukuma joto hadi huko nayo inakula umeme na kuongeza joto lake. Halafu bamba hilo, sasa likiwa na nyuzi 313, linang'aa kwa infraredi kiasi kwamba adui hana haja ya kukutafuta. Nyuma yako ni anga lenye kelvini 2.7.

Na hapa ndipo kujificha kunapokufa. Satelaiti za Marekani za kutoa tahadhari, zilizoanza kurushwa mwaka 1970, ziliona miali ya makombora ya Scud yaliyorushwa na Iraki mwaka 1991. Ziliyaona zikiwa juu kilomita 36,000, na chini yake iko dunia yenye joto, mawingu na moto wa visima. Huko anga za juu hakuna mawingu wala upeo wa macho. Anayewasha injini anaonekana, na hata asipoiwasha, joto la chumba chake tu linamsaliti kwa mwenye darubini nzuri na subira.

Nasikia mtu pale mbele anataja James Webb, ile darubini iliyoko anga za juu. Pingamizi zuri, nalo naliheshimu. Ni kweli, ina kinga ya matabaka matano, ukubwa wake kama uwanja wa tenisi, na upande wa kivuli unabaki chini ya kelvini 50. Kwa hiyo inawezekana kuwa baridi! Ndiyo, upande mmoja. Ule upande mwingine una joto, na joto la mitambo linatolewa huko. Kwa hiyo mnaweza kumficha shujaa wenu kwa adui mmoja, aliye upande mmoja, ambaye mnajua mahali alipo. Adui akiweka vipelelezi vidogo kumi vimetawanyika kote, kivuli hicho hakimsaidii mtu. Ukitaka kuandika hadithi ya kuvizia, iandike hiyo: mtu anayejua pembe moja tu iliyo salama, na anaomba asiwepo mwingine wa kumtazama kwa ubavuni.

Kuonekana, hata hivyo, si kutambuliwa. Naona nukta yenye joto, je, ni manowari au ni puto lenye hita? Udanganyifu wa namna hiyo unaruhusiwa na fizikia, na tayari unafanyika. Mwaka 2020 Marekani ililalamika kwamba satelaiti ya Urusi, Kosmos 2542, na nyingine iliyotoka ndani yake, Kosmos 2543, zilikuwa zikiinyemelea satelaiti yake ya upelelezi. Kila mtu aliziona. Ugomvi wote ulikuwa juu ya nia yake.

Sasa mbinu. Wakati wa mapigano kamanda anakunja rejeta zake, maana risasi moja ikizitoboa amekwisha. Joto analiweka wapi? Kwenye barafu, kwa mfano. Kilo 1 ya barafu inakula kilojuli 334 mpaka iyeyuke. Kwa megawati 2, tani 1 inayeyuka yote kabla ya dakika 3. Ukiyachemsha maji hayo hadi tone la mwisho ligeuke mvuke, umepata kama dakika 25 kwa jumla, na mvuke huo itakubidi uuteme nje. Hicho ndicho kipimo cha vita vyenu. Kamanda anapigana jicho moja liko kwenye kipimajoto. Adui anamrushia maputo ili afyatue leza na kumaliza barafu yake. Na chombo kinapokunjua rejeta katikati ya mapigano, kila mtu anaelewa kwamba kimesalimu amri, hata kabla redio haijasema neno. Niandikieni hiyo. Nimeisubiri miaka.

Nimekaa sana hapa, mwenyekiti ananitazama. Twende kwenye mwendo.

Juni 1965, chombo cha Marekani, Gemini 4. James McDivitt yuko angani, na mbele yake anaiona hatua ya pili, yaani kipande cha juu, ya roketi iliyompeleka. Ameagizwa aikaribie. Ni rubani hodari wa ndege za kivita, anafanya ambalo rubani yeyote angefanya: anaielekezea pua na kusukuma. Inazidi kuwa mbali. Anasukuma tena, inashuka na kumwacha. Mafuta yanakwisha, jaribio linaachwa. McDivitt hakuwa mzembe. Ujuzi wote aliokuja nao ulikuwa wa hewani, na kule hakuna hewa ya kuegemea. Ukiongeza kasi kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, unapanda juu, na ukiwa juu unachukua muda mrefu zaidi kuizunguka dunia, kwa hiyo unabaki nyuma. Anayetaka kumfikia aliye mbele yake hupunguza kasi, akashuka, akampita kwa chini, kisha akapanda. Chombo kilicho kilomita 300 juu kinamaliza mzunguko kama dakika mbili kabla ya kilicho kilomita 400, na kwa kasi ya huko dakika hizo mbili ni zaidi ya kilomita 900 kila mzunguko. Desemba mwaka huo huo Gemini 6A iliifuata Gemini 7 kwa hesabu hizo, na ikaikaribia hadi kama sentimita 30.

Kwa hiyo, tafadhali sana, acheni zile kona kali. Kuupinda mzunguko wako kwa nyuzi 60 kunagharimu kasi sawa na ile yote uliyonayo, karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Mafuta ya kupinda kona moja ni kama ya kupanda angani upya. Hii ndiyo sababu mahali pa kurushia roketi ni jambo la kivita. Pale Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco, na ndiko ilikorushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Ukirushia hapo unaingia obiti ya ikweta karibu bure. Ukirushia Plesetsk, Urusi, nyuzi 63 kaskazini, obiti hiyo utaifikia kwa kupinda kona kali, na utainunua kwa mafuta mengi mno. Vita vya angani vinaanzia kwenye ramani ya dunia, na mwandishi wa pwani yetu analo hilo mlangoni kwake.

Bunduki, kwa haraka. Wasovieti walifunga mzinga kwenye kituo cha Salyut 3, kilichorushwa mwaka 1974. Ulishikamana na mwili wa kituo, kwa hiyo ili kulenga iliwalazimu wageuze kituo kizima. Walioujaribu mwezi Januari 1975 waliufyatua kwa mbali, ndani hakuna mtu, na injini zikasukuma upande wa pili ili mshindo usikirudishe kituo nyuma. Risasi yenyewe haihitaji baruti nyingi. Kitu chochote kinachokugonga kwa kilomita 3 kwa sekunde kina nishati kama ya baruti kali ya TNT yenye uzito wake, na katika obiti magongano ya kilomita 10 kwa sekunde ni ya kawaida. Msumari unatosha.

Leza nilikuwa na mengi, nitataja moja: mwanga hutanuka. Leza ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 1, kioo cha mita 1, kwa umbali wa kilomita 1,000 doa lake lina upana wa zaidi ya mita 2. Haikati chuma huko, inapasha moto tu. Kwa hiyo shabaha yake ya kwanza ni macho ya adui, na ya pili mnaijua, rejeta.

La mwisho, nalo sitaliruka hata nikifukuzwa hapa jukwaani. Katika hadithi zenu chombo kikilipuka kinatoweka. Vipande vinakwenda wapi? Mwaka 2007 China iliipiga satelaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, ikiwa juu zaidi ya kilomita 800, na vikapatikana vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatilia kwa rada, vingi vingali vinazunguka. Novemba 2021 Urusi iliipiga Kosmos 1408 yake yenyewe. Watu saba waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa wakaambiwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia nyumbani, wakae tayari. Wawili kati yao walikuwa Warusi. Na Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 juu kilomita 400, juu ya Pasifiki. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, karibu kilomita 1,450 kutoka hapo, na mionzi iliyonaswa na usumaku wa dunia ikaendelea kuharibu satelaiti moja baada ya nyingine. Miongoni mwake ilikuwamo Ariel 1, satelaiti ya kwanza ya Uingereza. Marekani ndiyo iliyowarushia Waingereza satelaiti hiyo, mwezi Aprili mwaka ule ule.

Haya, maswali. Anza wewe dada, kisha kijana wa pale nyuma.